Damu ya Namba Thelathini na Moja

12 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii inaiacha nyumba yetu na amani ya kadiri: binti yetu ameota jino la pili na anamng'ata kila anayemkaribia, mke wangu amerudi kufundisha, nami nina mafua yasiyostahili hata sentensi hii. Baba ameniandikia kwamba tangu astaafu anatengeneza feni za majirani. Anasema kila feni anayoifungua huifunga vizuri na inazunguka, ila hubakiwa na skrubu moja. Sijui utamwambia nini kaka yako.

Uliniuliza nafanya nini hasa huko ninakokwenda kila asubuhi na koti jeupe, maana baba anakwambia natibu na mama anakwambia napima mikojo. Sifanyi lolote kati ya hayo. Mimi si daktari, na kazini kwangu sijawahi kumwona mgonjwa. Natafuta dawa ambayo bado haipo.

Kuna watu ambao chembe nyeupe za damu yao, zinazopaswa kuwalinda, huvishambulia viungo vyao wenyewe: vidole, magoti, viwiko. Chembe hizo huitana kwa protini ndogo ndogo zinazozitoa, na sisi maabara tunaziita kelele. Basi tunachukua damu ya mtu mzima wa afya, tunaizungusha kwenye mashine hadi chembe nyeupe zijitenge kama utando mwembamba wa maziwa, tunazigawa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kisha tunazichokoza zipige kelele. Halafu tunadondoshea molekuli tunayoijaribu na kupima kelele imeshuka kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi. Siku nyingine nadondosha tone mara elfu moja kabla ya chakula cha mchana.

Molekuli yangu haina jina, ni ya mia mbili na kumi na mbili kati ya zilizotengenezwa na wakemia wetu. Nimeishi nayo miaka minne. Mwezi wa Septemba kamati itakaa na kuchagua moja kati ya tatu zilizobaki kwenye kitengo chetu. Moja itaendelea, mbili zitawekwa kwenye barafu, na barafu hiyo haina mlango wa kutokea. Nataka ichaguliwe yangu. Nakuandikia wazi kwa kuwa hapa kazini sote tunajifanya hatujali.

Mtoto wa kaka yako, anayeitwa Daktari na walinzi wa getini na Kwanini na ninyi wa nyumbani,

Kwanini

6 Februari

Kwanini,

Marahaba, na pole ya mafua utaipata yakizidi. Huku tuko wazima kwa kiasi cha watu wanaosoma magazeti kila siku. Safu yangu ya Jumatano imetimiza miaka ishirini na mbili na mhariri amenipa zawadi ya saa ya ukutani, nami nimeelewa anachotaka kusema. Kaka yangu nimemwambia azikusanye zile skrubu mpaka zitoshe feni nzima, halafu aiuze kwa wale wale majirani. Uvumilie mwandiko, kalamu hii ni mbovu.

Sasa tugombane. Umejaza kurasa mbili kuhusu damu na hukusema ni ya nani. Mtu akiniletea habari siulizi kwanza inasema nini, nauliza nani kaisema. Damu haitoki bombani. Kuna mtu alikunja mkono wa shati akatazama ukutani wakati sindano inaingia. Ni nani? Anajua inakwenda kufanyiwa nini? Dawa ikipatikana, atapata chupa yake au atapata biskuti na asante? Nimewaandika wenye viwanda vya dawa tangu wewe unanyonya, na kila mara wananijibu kwa barua yenye nembo nzuri isiyojibu chochote. Usinijibu hivyo. Wewe nilikubeba mgongoni.

Na hilo neno "mtu mzima wa afya". Nani kasema ana afya? Yeye mwenyewe? Mimi pia husema nina afya, kwa sauti kubwa, hasa mbele ya wifi yangu.

Jambo dogo tu, la udadisi: hiyo molekuli ikichaguliwa Septemba, ni lini mtu mwenye vidole vilivyovimba atakuja kuimeza? Mwaka huu? Ujao? Simfikirii mtu yeyote hasa.

Aliyekubeba,
Shangazi

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Mafua yamekwisha, jino la tatu limeingia, na mke wangu anasema nikusalimu kwa herufi kubwa: SALAMU.

Nakujibu bila nembo. Damu ni ya watu wanaojitolea. Wanaishi jirani na maabara, wanakuja asubuhi, muuguzi wetu anawasomea karatasi ya ridhaa na kuwajazia fomu ya afya. Hapo jina linabaki kwenye kabati lake lenye kufuli, na mimi naletewa chupa yenye namba. Siruhusiwi kujua ni nani, hata nikikutana naye kwenye lifti. Ni kwa usalama wao na wetu. Wanapata nauli, na ndiyo, biskuti. Chupa ya dawa hawajaahidiwa. Hilo umenishinda.

Nami nina mpenzi kati ya hao, usimwambie mke wangu. Anaitwa Namba Thelathini na Moja. Ukimhitaji Jumatatu anakuja Jumatatu. Mshipa wake hauleti matatizo, chembe zake ni nyingi, hazigandi wala hazifi njiani. Kila mtu kitengoni akiwa na jaribio la haraka husema, "Mwiteni Thelathini na Moja." Katika majaribio yangu arobaini ya molekuli hii, ishirini na matatu ni ya damu yake. Na ndani ya damu yake molekuli yangu inafanya maajabu, inashusha kelele kwa asilimia themanini. Mkuu wetu ameibandika grafu hiyo ukutani kwake.

Kuhusu swali lako la udadisi: si mwaka huu wala ujao. Kwanza wanyama, kisha watu wachache wenye afya, kisha wagonjwa wachache, kisha wengi. Mambo yote yakienda vizuri ni miaka kumi au kumi na miwili, na kwa kawaida hayaendi vizuri.

Sasa langu, dogo vilevile. Herufi zako za duara zilikuwa zinafungwa kama vifungo. Kwenye barua ya Februari zote zimeachwa wazi, na ukurasa wa pili umepanda mlima. Kalamu haifanyi hivyo. Vidole vyako vikoje?

Kwanini

9 Aprili

Kwanini, baba yangu mdogo,

Marahaba. Tazama mwandiko huu. Tazama hii "o", na hii, na hii. Unaweza kupitisha uzi?

Sasa naweza kukwambia, kwa kuwa limekwisha. Tangu mwaka jana, kila asubuhi vidole vilikuwa havikunjiki. Nilikuwa nashika kalamu kama mtu anayeshika ufagio. Daktari akanipa jina refu la ugonjwa, ndio huo huo unaoutafutia dawa, akataka kunianzishia vidonge vya maisha. Nikamuuliza maswali matano. Akajibu mawili na kutazama saa. Nikaondoka. Nilikuwa sijamwambia mtu, na baba yako asiambiwe. Atakuja na bisibisi.

Kisha mtu akanielekeza kwenye vidonge vya mimea. Chupa ya kijani, kifuniko cheupe, ndani ni unga mtupu wa majani na mizizi. Siku ya tatu nilifungua mtungi wa asali mwenyewe. Siku ya kumi niliandika safu nzima kwa mkono bila kupumzika. Ninyi mnataka miaka kumi na miwili na sahani za vishimo. Mmea umetumia siku tatu. Usiniambie ni imani tu. Imani haipunguzi uvimbe wa kidole cha shahada. Nimekipima kwa pete.

Nikishamaliza kujisifu, nirudi kwako. Ile barua yako imenikera. Asilimia themanini ya nini? Mimi nawachukia watu wa asilimia. Waziri akisema jambo limeongezeka kwa asilimia mia, namuuliza lilikuwa ngapi, na kumbe lilikuwa moja likawa mawili. Asilimia ni namna ya kusema bila kusema ngapi. Huyo mpenzi wako kabla ya kutiliwa molekuli alikuwa anapiga kelele kiasi gani? Na mwingine je?

La pili. Majaribio ishirini na matatu kati ya arobaini, mtu mmoja. Mwandishi chipukizi akiniletea habari ambayo zaidi ya nusu yake kasema mtu mmoja, anayekaa jirani, anayepatikana Jumatatu, namrudisha mlangoni. Mtoe huyo Thelathini na Moja. Unabakiwa na nini?

Shangazi, mwenye vidole

14 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe miezi miwili. Binti yetu ameanza kutembea, kwa hiyo vitu vyetu vyote sasa vinaishi juu ya kabati. Kazini ni maandalizi ya Septemba. Nimefurahi kuziona zile "o", nimezipitisha uzi zote.

Nina ombi. Nitumie vidonge vyako kumi, kwenye bahasha, na karatasi inayokuja ndani ya chupa kama ipo. Nataka kuviangalia tu. Na unijibu haya bila kuniuliza sababu: Unakula zaidi ya zamani? Unalala vizuri? Uso wako umebadilika? Ukijigonga kidogo, ngozi inabaki na alama? Umevimeza kwa muda gani, na vingapi kwa siku?

Mkuu wetu anazidi kuipenda ile grafu. Ameniambia nianze kuandaa hotuba.

Kwanini

5 Julai

Wewe,

Marahaba. Vidonge kumi na viwili ndani ya bahasha hii, viwili ni nyongeza ya muuzaji. Karatasi haipo. Kwenye chupa kuna picha ya jani na maneno "asili tupu".

Nala kama fundi wa ujenzi. Nalala kwa saa nne tu na kuamka nikiwa na sentensi kamili kichwani, jambo ambalo mwandishi haliiti ugonjwa. Uso umejaa, shemeji yako mmoja kaniuliza kama nimeolewa tena. Alama za ngozi zipo, za zambarau, nilidhani ni meza yangu. Nameza viwili kwa siku tangu mwisho wa Februari. Na si mimi peke yangu, watu wengi sasa wanavitumia na wananishukuru, na usiniulize wamevijuaje.

Sasa nisikilize. Nilikuuliza maswali mawili mwezi wa Aprili. Umekaa siku sitini na sita, ukanijibu kwa maswali matano kuhusu uso wangu. Nimewahoji watu wazito kuliko wewe, mwanangu, najua mtu anayezunguka meza. Ulimtoa yule mtu, au hukumtoa?

Shangazi

2 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu za nyumbani ni fupi: wote wazima. Naomba usome hadi mwisho kabla ya kukasirika, na kabla ya yote shika hili: usiache vile vidonge ghafla. Nenda kwa daktari, mwingine ukitaka, na barua hii mkononi.

Nilimwomba mkuu wetu ruhusa, nikatumia muda wa mapumziko ya mchana. Nilivunja vidonge vyako, nikauyeyusha unga, nikauchuja, nikaudondoshea kwenye chembe za watu watatu tofauti. Kwenye kila sahani tuna safu moja ya kulinganishia, tunaiwekea steroidi, dawa ya zamani inayonyamazisha chembe hizi kila mara bila kukosa. Siku iliyofuata mashine ilipotoa takwimu, safu ya kidonge chako na safu ya steroidi zilikuwa kama mapacha. Nikampelekea mkemia wa ghorofa ya pili, mtu asiyependa kuulizwa mambo. Ana mashine inayopima uzito wa kila kilichomo. Alirudi na neno moja: "Steroidi." Nikamuuliza, kiasi gani. Akasema, "Cha kumtosha farasi."

Mimea ipo, Shangazi, kidogo. Mtu ameichanganya na dawa ya hospitali bila kuandika. Ndiyo maana vidole vilikunjika siku ya tatu. Dawa hiyo inatibu kweli, ila kwa kipimo hicho, bila mtu wa kuangalia, inakula mifupa, inapandisha sukari na presha. Na mwili wako, ukishaona inaletwa kila siku, umeacha kutengeneza ya kwake. Ukikata mara moja unaweza kuanguka. Inapunguzwa polepole, na daktari.

Sasa lile nililokuwa nazungukia meza.

Nilimtoa. Mwezi wa Aprili, siku ile ile niliyopata barua yako. Nilimtoa Thelathini na Moja kwenye hesabu, nikatazama kilichobaki kwa muda wa saa moja, kisha nikamrudisha, nikafunga kompyuta na kwenda kula. Nilijiambia wengine ni wachache mno kutoa jibu. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa na takwimu.

Lakini ile sahani ya vidonge vyako iliniharibia. Niliitazama nikahisi nimeshaiona mahali. Nawe ulikuwa umeniuliza asilimia ya nini. Sisi huandika kelele ya kila mtu kama asilimia ya kelele yake mwenyewe, ili watu walingane. Nikarudi kwenye takwimu ghafi. Chembe za wengine zikichokozwa hupiga kelele ya elfu nne, elfu tano. Za Thelathini na Moja hupiga mia sita. Zinafika maabara zikiwa zimeshanyamazishwa kwa kiasi kikubwa, molekuli yangu inapuliza mshumaa uliokuwa unazimika, nami nimeandika asilimia themanini.

Nilikwenda kusoma fomu ya afya ambayo haina majina. Swali la sita: "Je, unatumia dawa yoyote uliyoandikiwa na daktari?" Wote wamejibu hapana. Nadhani wewe pia ungejibu hapana, na ungekuwa umesema kweli. Nimemwomba muuguzi amuulize yule mtu swali lingine. Mkuu wetu hajapenda. Anasema mchangiaji ni mchangiaji, kamati inakaa tarehe kumi na nane Septemba, na swali lingine lisubiri Oktoba.

Mimi sijajua nitasema nini mbele yao. Hotuba nimeiandika mara mbili, ya namna mbili.

Kwanini

3 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa mashine ya kuchapa kwa sababu unazozijua, kidole kimoja kimoja, basi nikiwa mkavu usinilaumu.

Nilipoipata barua yako niliikunja nikaiweka chini ya ile saa ya ukutani, ambayo bado sijaitundika, nikakaa siku tisa kabla ya kuigusa tena. Si kwa hasira juu yako. Kuna jambo sikukwambia. Ile chupa ya kijani niliiandika kwenye safu. Jumatano ya pili ya Aprili, maneno mia tisa, kichwa cha habari kikubwa. Niliwacheka madaktari, nikawacheka ninyi wa koti jeupe, nikaitaja chupa na rangi yake. Barua za shukrani zilijaa kikapu. Mwanamke mmoja aliandika kwamba amewanunulia wazazi wake wote wawili. Hao ndio "watu wengi" niliokuandikia kwamba usiniulize wamevijuaje. Ungeuliza ningekudanganya.

Miaka ishirini na mbili nimewapiga watu kwa kosa la kutoa habari ya shahidi mmoja. Safari hii shahidi alikuwa mimi, na ushahidi wangu ulikuwa mtungi wa asali.

Nimekwenda kwa daktari, yule yule, ili iniume vizuri. Nilitegemea atacheka. Alisoma barua yako mara mbili akasema, "Huyu mtoto ni wa kwenu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Maswali yake ni kama yako, ila yeye anasubiri jibu." Nimempa chupa yangu aipeleke kwa wanaohusika. Ananipunguzia kidogo kidogo na amenianzishia ile dawa ya maisha. Vidole vimerudi kuwa vya mtu mwingine.

Jana nimeandika safu ya kujisahihisha. Mhariri alitaka tuiweke ukurasa wa ndani, chini, kama tangazo la kiatu kilichopotea. Nikamwambia: "Uongo niliuweka juu kushoto kwa maneno mia tisa. Ukweli utakaa juu kushoto kwa maneno mia tisa." Akasema wasomaji wataniacha. Nikamwambia wale waliobaki na mifupa yao watarudi. Leo imetoka, na nimekukatia kipande chake, kimo ndani ya bahasha. Hakina utamu. Hakuna hata mtu mmoja niliyemtukana.

Kuhusu tarehe kumi na nane sina la kukushauri. Nimekwambia tu nilivyofanya.

Shangazi

26 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Baba amekuja kututembelea na ametengeneza feni yetu. Inazunguka, na skrubu ipo kwenye kisahani. Kipande chako cha gazeti nimekisoma, mke wangu kakisoma, baba kakisoma kisha akaniuliza kwa nini hakuambiwa kuhusu vidole. Nimemwacha akuulize mwenyewe. Jiandae.

Jibu la muuguzi lilifika tarehe kumi na tano. Thelathini na Moja alikuwa na maumivu ya mgongo, akaanza vidonge vya mimea miaka miwili iliyopita. Chupa ya kijani. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu, "Hamkuniuliza." Muuguzi amempeleka kwa daktari.

Tarehe kumi na nane niliingia na hotuba moja. Ukurasa wa kwanza niliweka takwimu ghafi, watu wote, kisha nikamtoa Thelathini na Moja mbele ya macho yao na kusema sababu. Mkuu wetu aliinama mbele.

"Nani kakuomba umtoe?"

"Hakuna."

"Basi mrudishe."

"Nikimrudisha inabidi niandike chini yake kwamba anameza steroidi."

"Andika. Kwa herufi ndogo."

Mtu mmoja alicheka. Mwenyekiti wa kamati ni mama mtu mzima, mfamasia mstaafu, miwani yake ameifunga kwa kamba. Akasema, "Mimi herufi ndogo sizioni, nisomee." Nikamsomea. Akauliza wamebaki watu wangapi. Kumi na mmoja. Molekuli imefanya kazi kwa wangapi? Wawili. Akaandika, akasema, "Asante, kijana. Anayefuata."

Miaka minne imeingia kwenye neno "asante". Wamechagua ya mwenzangu wa meza ya dirishani. Nilimpongeza na nilimaanisha kwa kiasi cha, tuseme, asilimia themanini. Kesho yake nilihamisha masanduku ya mia mbili na kumi na mbili kwenye jokofu la chini. Mikono yangu ilijua kila chupa ilipo bila kutazama, na hapo ndipo iliponiuma.

Mkuu hakunisalimu kwa siku sita. Ya saba alikuja mezani akatupa fomu ya afya. "Umeivunja, itengeneze." Nimekaa nayo tangu jana. Swali la sita nimeliandika upya mara kumi na nne na kila mara linasikika kama polisi. Mtu anayeogopa atajibu hapana. Wewe umekaa na maswali maisha yako yote. Nisaidie kuliandika.

Na jambo moja linanisumbua, zuri. Wale wawili. Hawatumii chochote, muuguzi amewauliza vizuri. Kelele zao ni za elfu tano, na molekuli yangu inawanyamazisha kweli, huku majirani zao tisa haiwagusi. Wana nini wale? Nimeomba damu yao kwa Jumatatu. Mkuu amesema sawa, mradi nisiliite mradi.

Kwanini

20 Oktoba

Kwanini,

Marahaba. Kaka yangu alipiga simu, akanigombeza dakika arobaini, akalia mbili, kisha akauliza kama feni yangu ni nzima. Wasomaji walioniacha ni wengi. Yule mwanamke wa wazazi wawili ameniandikia tena. Wote wako kwa daktari, na amenitukana vizuri, kwa mpangilio. Nimemjibu kwamba akitaka kazi gazetini aje.

Swali lako la sita ni baya kwa sababu linamuuliza mtu kuhusu daktari. Mtu hamezi daktari. Nimelifuta. Weka hivi:

"Tuambie kila unachomeza, unachokunywa, unachojipaka au kujichoma kwa sindano, hata kama ni majani, hata kama kila mtu anakitumia, hata kama kimeisha wiki iliyopita. Hatutakukataza na hatutakucheka. Tukikosa kujua, tutakosea, na kosa letu litamezwa na mtu mwingine."

Ni refu. Waache wasome. Kisha acha mistari mitupu minane, si kisanduku cha ndiyo na hapana. Mtu akiona kisanduku anachagua kilicho karibu na mlango.

Sipendi kutoa swali ambalo sijalijaribu, kwa hiyo nimekaa hapa mezani na kulijibu mwenyewe kwa kalamu, kama ningekuwa mmoja wa watu wako wa namba. Hiki ndicho kilichotoka. Mstari wa kwanza: dawa mpya ya viungo, mara moja kwa wiki. Wa pili: steroidi ya daktari, nusu kidonge, inashuka. Wa tatu: chai, vikombe saba. Wa nne nilikaa nao muda mrefu. Nilikuandikia kwamba nilimpa daktari chupa yangu. Nilimpa moja. Zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa droo ya kulia, nyuma ya bahasha, na siku niliyoandika safu ya kujisahihisha nilimeza viwili ili vidole viweze kuiandika.

Nimempigia daktari asubuhi hii, kabla ya kuifunga barua, nikamwambia. Akasema ataandika upya vipimo vyangu vyote vya Septemba, na nimpelekee chupa leo. Ipo hapa, ndani ya mfuko, nimeshavaa viatu.

Swali linafanya kazi. Liweke kwenye fomu.

Shangazi yako